Mwewe anasingiziwa

Wandugu, leo naomba tuache siasa kidogo, tumzungumzie mwewe. Najua kuna watakaosema kijana kaishiwa, nchi ina mambo chungu nzima yeye anatuletea habari za ndege. Nivumilieni. Hapa Mabibo kuna mpango unazungumzwa vibarazani na kwenye foleni ya maji, na mpango wenyewe si mzuri hata kidogo. Watu wanataka kuchukua utumbo wa kuku, waupake sumu ya panya, wautupe juu ya mabati ili mwewe wale wafe. Sababu ni vifaranga. Siku hizi kila anayepoteza kifaranga anatazama juu.

Mimi napinga. Sipingi kwa sababu ya mapenzi ya ndege kama wale watalii wenye darubini shingoni. Napinga kwa sababu hesabu inakataa. Ukifuatilia mwewe anakula nini mwezi kwa mwezi, utaona kifaranga ni sehemu ndogo ya mlo wake, tena huingia kwenye mlo huo kwa msimu. Anayemaliza kuku wa Mabibo ni mwingine kabisa, na ile sumu haitamgusa.

Tuanze na kumjua mtuhumiwa. Kiswahili chetu kina majina mengi ya ndege wanaokula nyama: tai, kozi, kipanga, mwewe, bundi. Sisi wa mjini tunayachanganya. Kipanga ndiyo usiseme, maana siku hizi kipanga ni mwanafunzi anayeongoza darasani. Ukiambiwa Hosteli za Mabibo zimejaa vipanga, usitegemee kuona manyoya. Mwewe ninayemsema mimi ni yule wa kahawia, mwenye mkia uliogawanyika nchani kama mkia wa samaki. Anapoelea angani mkia ule unapinda huku na huku kama usukani, wala mabawa hayapigi. Akiwa mkubwa mdomo wake ni wa njano. Mtoto wake ana mdomo mweusi, kwa hiyo msije mkadhani ni ndege wa aina nyingine. Wataalamu wanamwita Milvus aegyptius, na wapo wanaomhesabu kuwa ni ndugu wa damu moja na mwewe mweusi wa Ulaya na Asia, yule Milvus migrans.

Akinyoosha mabawa anakaribia mita moja na nusu, ndiyo maana akipita chini chini watoto wanakimbia. Lakini mshike mkononi (kama utaweza) na utashangaa: uzito wake kwa kawaida haufiki hata kilo moja. Miguu yake na kucha zake ni dhaifu ukilinganisha na za tai. Huyu hakuumbwa kwa ajili ya kuua mnyama mkubwa. Kaumbwa kwa ajili ya kuokota, kudokoa na kupora. Tetea aliyekomaa ana uzito kumzidi. Sasa mtu akikuambia mwewe kaondoka na tetea wake wa mayai, muulize vizuri kuhusu paka wa porini, nguchiro, mbwa, na vijana wa mtaani. Hasa vijana wa mtaani.

Haya, tuje kwenye mlo. Mimi nakaa karibu na Mabibo Mwisho, na kwa zaidi ya mwaka sasa nimekuwa nikiwaangalia mwewe kila nipatapo nafasi, asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi. Habari za mwewe hazina nafasi kwenye gazeti, kwa hiyo hakuna aliyenituma. Niliyoyaona kwa macho nimeyalinganisha na yale wanayoandika watu waliomsoma ndege huyu kwa miaka mingi, na picha inayotoka ni kalenda. Mwewe ana msimu wa kila kitu, kama sisi tulivyo na msimu wa maembe na msimu wa mahindi ya kuchoma.

Anza na masika, Machi mpaka Mei. Mvua ya Dar mnaijua, haina mzaha. Bonde la Msimbazi linajaa, na vijito vyake kama Luhanga vinapanda mpaka milangoni mwa watu. Kwetu sisi ni balaa, kwa mwewe ni sherehe. Mashimo ya panya yanaingia maji na panya wanalazimika kutoka mchana kweupe. Vyura wanajaa kwenye madimbwi. Mijusi inapanda kuta kutafuta pakavu. Mwewe anakaa juu ya nguzo ya umeme akiwa ameloa chapachapa, akitazama chini kama mzee anayesubiri daladala. Mvua ikikatika kidogo anashuka, anadaka, anapanda. Kipindi hiki pia gari la taka haliingii mitaani kwa sababu ya matope, kwa hiyo taka zinakaa wiki nzima, zinavimba, na panya wanazaliana humo. Huwezi kuamini, lakini msimu ambao Mabibo inanuka kuliko yote ndio msimu ambao mwewe anatufanyia kazi kubwa kuliko yote.

Kisha linakuja jua na baridi ile ya Dar ambayo watu wa Iringa wanaicheka. Juni, Julai, Agosti, Septemba. Majani yanakauka, vyura wamekwisha. Huko pembezoni, Pugu na Kisarawe, watu wanachoma vichaka kusafisha mashamba. Moto ukiwaka mwewe anauona kutoka mbali, anakuja kuzunguka mbele ya moshi kudaka panzi, mijusi na panya wanaokimbia. Hilo si la Tanzania tu, kote Afrika wanajulikana kwa tabia hiyo. Wale wanaobaki mjini wanategemea soko na machinjio. Nenda machinjio ya Vingunguti utawakuta juu wakizunguka. Nenda Feri kwenye samaki, utawakuta wakigombania matumbo ya samaki na kunguru. Nenda wanakochinja na kunyonyoa kuku wa biashara, kama kule soko la kuku Shekilango, utawaona wamejipanga juu ya paa. Hapa kwetu, soko la Mabibo ni maarufu kwa ndizi, na mwewe hali ndizi, lakini penye taka za ndizi pana panya, na penye panya yeye yupo.

Sasa wandugu, hapa kwenye kiangazi naomba mtulie, maana ndipo kesi yote ilipo. Kiangazi ndio msimu wa kideri. Wengine mnauita mdondo. Kila anayefuga kuku wa kienyeji Tanzania anaujua: kuku anajikunyata, anaharisha kijani, shingo inapinda, na kabla ya wiki kwisha banda limebaki jogoo mmoja au halina kitu. Katika banda ambalo halikuchanjwa, kideri kinaweza kuondoka na kuku wanane kati ya kumi, au wote. Hakuna mwewe duniani mwenye uwezo huo.

Na hao kuku wanaokufa tunawapeleka wapi? Tuseme ukweli. Wapo wanaozika. Wengi tunawatia kwenye mfuko na kuwatupa jalalani, au tunawarusha bondeni gizani ili jirani asione. Asubuhi mwewe anashuka jalalani, anachana mzoga, anaruka na mguu wa kuku au kipande cha bawa. Anapita juu ya nyumba zetu na ushahidi kucha wazi. Mtu anamwona, anapiga kelele: "Mnaona? Mnaona? Huyo anamaliza kuku wetu!" Kumbe yule kuku alishakufa tangu juzi, na aliyemtupa pale ni huyo huyo anayepiga kelele. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Simaanishi kwamba mwewe ni malaika. Twende kwenye vuli.

Oktoba mpaka Desemba ndipo kalenda inabadilika. Kwanza wanakuja wageni. Mwewe weusi wa Ulaya na Asia wanakimbia baridi ya kwao na kuingia Afrika, wanakaa na sisi mpaka kama Machi hivi, halafu wanarudi. Kwa hiyo ukiona ghafla mwewe wameongezeka angani usidhani wamezaliana usiku mmoja. Hata wa kwetu wenyewe wapo wanaohama ndani ya Afrika wakifuata mvua. Pili, mvua ya kwanza ikigonga ardhi kavu, jioni yake kumbikumbi wanatoka. Hii ni karamu. Mwewe hana haja hata ya kutua: anamdaka kumbikumbi kwa mguu huko huko angani, anapeleka mguu mdomoni, anakula huku anaendelea kupaa. Wanaweza kukusanyika makumi kwa makumi juu ya kiwanja kimoja wakila namna hiyo mpaka giza linaingia. Chini watoto wetu nao wanaokota wa kukaanga. Msimu huo sisi na mwewe tunakula sahani moja.

Tatu, na hili ndilo lenye kesi, ni malezi. Kusini mwa Afrika ndege huyu hutaga zaidi kati ya Agosti na Desemba, na hapa mtaani kwetu nimewaona miezi hiyo hiyo wakibeba vijiti na matambara kupeleka juu ya mwembe. Kiota cha mwewe ni dampo dogo: vitambaa, makaratasi, kamba, nailoni. Kuna watafiti Hispania walioandika mwaka 2011 kwamba mwewe weusi wa huko hupamba viota vyao kwa plastiki nyeupe ili kuwaonya mwewe wengine kuwa mwenye nyumba yuko imara, na kweli wale wenye nguvu ndio waliokuwa na plastiki nyingi. Yaani anaweka geti na kamera, kama mtu wa Mbezi Beach.

Ndani ya kiota kuna watoto wanaotaka nyama laini kila siku. Na nyama laini iliyo karibu kuliko zote ni kifaranga cha wiki mbili kinachozunguka uani bila mlinzi. Hapo mwewe anaiba. Naam, anaiba. Nimeshuhudia, sina sababu ya kumtetea kwenye hilo. Anakuja upande wa jua ili mama kuku asimwone, anapita mara moja, anaondoka na kimoja.

Lakini tazama ukubwa wa wizi wenyewe. Ni wa msimu. Ni wa vifaranga vya wiki chache za kwanza tu, kwa sababu kikishakuwa na mwili kinamshinda. Na unazuilika kwa kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho: tenga. Unamfunika mama kuku na vifaranga vyake chini ya tenga au kizimba chenye wavu mpaka vipate mwezi na nusu hivi, basi. Gharama yake haizidi gharama ya kikao cha kupanga kuua mwewe.

Na Januari, Februari? Joto, kaskazi inavuma, taka za Krismasi na mwaka mpya bado zipo, panzi wapo, panya ndio hawaishi. Mwewe anaendelea. Kuna pia misimu inayofuata mwezi mwandamo: Idi ya kuchinja ikifika, siku ile mwewe anakula vizuri kuliko siku nyingi za mwaka. Huko Delhi, India, moja ya miji yenye mwewe wengi zaidi duniani, Waislamu wa mji wa kale wana desturi ya kuwarushia mwewe vipande vya nyama kama sadaka, na watafiti wamekuta mwewe wanapenda kujenga viota karibu na mitaa hiyo. Afrika Magharibi mwewe huyu wa kwetu anakula hadi nyama ya tunda la mchikichi. Kwa kifupi, ni ndege asiyechagua. Anakula kilichopo. Ukitaka kujua mtaa unatupa nini, mtazame mwewe wake kabeba nini.

Wiki iliyopita nilizungumza na mama mmoja jirani, mfugaji mzoefu, mmoja wa wanaounga mkono sumu. Nilimwamkia, nikamuuliza.

"Mama, sumu tena?"

"Mwanangu, wewe huna kuku."

Hoja yake nzito, lazima niiheshimu. Kwake yeye kuku si kitoweo cha Jumapili. Kuku ni benki. Mtoto akirudishwa ada, anauzwa jogoo. Mjukuu akiugua usiku, asubuhi anauzwa tetea. Kifaranga kinachochukuliwa leo ni daftari la Januari. Sisi tuliosoma tuna tabia mbaya ya kukaa kibarazani na kitabu na kuwaambia watu wanaohangaika kwamba viumbe vyote vina haki. Haki ya mwewe hailipi ada. Kwa hiyo sitaki kuzungumza haki, nataka kuzungumza faida na hasara za huyo mama.

Nilimuuliza mwaka uliopita alipoteza kuku wangapi kwa mwewe. Akasema vifaranga, hakumbuki idadi, vichache. Kwa kideri? Akanyamaza kidogo. "Wote, baba. Walibaki wawili." Alikuwa amechanja? Hapana. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba chanjo ipo na kwamba si ya wenye mabanda makubwa peke yao.

Ipo. Inaitwa I-2, imetengenezwa kwa ajili ya kuku wa kienyeji na wafugaji wadogo wa nchi kama yetu, kwa sababu inavumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani. Mbegu yake ilitoka Australia, na hapa nchini inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Watu wa Temeke mtembee kifua mbele, maana kazi hiyo ilianzia kwenye maabara ya mifugo ya kwenu. Ni tone moja tu katika jicho moja la kuku, basi. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi, kwa hiyo majirani wanaweza kuchanga wakanunua kimoja na kuchanja siku moja mtaa mzima. Uliza duka la dawa za mifugo au ofisa mifugo wa kata. Ila lazima ichanjwe kabla ugonjwa haujaingia, kwa sababu ni chanjo, haitibu kuku aliyekwisha kuugua. Maana yake maandalizi ya kiangazi yanaanza masika, Mei, wakati mwewe yuko bize na vyura.

Sasa tuje kwenye sumu yenyewe. Sumu ya panya inayouzwa barabarani mnaijua, vipakiti visivyo na jina wala maelezo, muuzaji kabeba panya waliokufa kama matangazo. Ukiipaka kwenye utumbo na kuutupa juu ya bati, unajuaje ataula mwewe? Utakula paka wako. Utadondoka uani, ataula mbwa wa jirani, au kuku wako mwenyewe, maana kuku naye hachagui. Mtoto wa miaka miwili atauokota. Mwewe akiula atakwenda kufia kwenye tangi la maji la mtu lisilo na mfuniko. Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kutumia sumu kuwinda, ingawa najua Mabibo hakuna atakayekuja kukukamata kwa ajili ya mwewe. Ogopa mtoto kuliko sheria.

Kuna mtu ataniambia, mbona kunguru waliuliwa kwa sumu? Ni kweli. Miaka ya 2010 mwanzoni kulikuwa na kampeni kubwa hapa Dar ya kupunguza kunguru weusi wa kutoka India. Lakini ile ilikuwa sumu maalumu, iliyochaguliwa kwa sababu inaua kunguru na haina madhara makubwa kwa ndege wala nyama na wanyama wengine, na ilitegwa na watu waliofundishwa. Haikuwa ya vipakiti. Na mkitaja kunguru mmenisaidia, kwa sababu historia yake ndiyo fundisho. Ndege yule hakuwa wa kwetu. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Wakubwa wa wakati ule waliona ni rahisi kuleta ndege kuliko kuzoa takataka. Akazaliana, akavuka bahari, akajaa pwani yote, sasa anakula mayai na makinda ya ndege wengine, anapora vifaranga, na anawafukuza hata mwewe. Mtazame mwewe akipita Mabibo, utaona kunguru wawili watatu nyuma yake wakimdonoa mkia. Ukimuua mwewe umempunguzia kunguru mpinzani, na ukampa panya likizo. Je, vifaranga vyako vitakuwa salama? Panya naye anakula vifaranga, tena usiku, bandani kwako, wala huwezi kumwona ukapiga kelele.

Wazungu nao walipita njia hii. London ya miaka ya 1500 ilikuwa na mwewe wekundu waliokuwa wakiokota taka mitaani, wageni walikuwa wakishangaa. Baadaye mitaa ikasafishwa na watu wakawageukia kwa mitego, bunduki na sumu, wakidai wanamaliza kuku na ndege wa kuwinda. Kufikia karne ya 20 Uingereza nzima walikuwa wamebaki wachache tu kwenye mabonde ya Wales. Kuanzia mwaka 1989 wakaanza kuwarudisha kwa gharama, wakichukua makinda kutoka nchi nyingine, na leo kuna miji kama Reading ambako watu wanawawekea nyama kwenye bustani zao. Wameua bure, wamerudisha kwa pesa. Sisi pesa ya kurudisha hatuna.

Lakini mimi sitaki Mabibo iendelee kuwa chafu ili mwewe ashibe. Hapana. Ningefurahi sana ikifika siku mwewe akazunguka juu ya mtaa wetu asubuhi nzima, akaona chini hakuna mzoga, hakuna utumbo, hakuna panya, akaamua kwenda zake kutafuta panzi Pugu. Hilo ndilo jambo la kupigania, na mfano upo karibu. Mwaka 1988 majirani zetu wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka za mji mzima kwenye makazi yao, wakashinda. Taka zilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wa Mtongani nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakasikilizwa. Hawakuwapiga mawe ndege waliokuwa juu ya dampo. Walimfuata anayemwaga.

Sisi wa Mabibo tulikuwa Kinondoni, sasa tuko Manispaa ya Ubungo, lakini jalala halijui mpaka wa manispaa. Nguvu tunayotaka kuitumia kwa mwewe tuipeleke ofisi ya serikali ya mtaa. Tuulize gari la taka linakuja siku gani, na kama ada ya taka tunalipa, kwa nini masika lisije. Tuulize ofisa mifugo wa kata anapatikana wapi na lini atakuja na kichupa cha I-2. Tukubaliane kwamba kuku aliyekufa kwa ugonjwa anazikwa shimo refu au anachomwa moto, hatupwi jalalani. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu mzoga wa kideri ukitupwa ovyo unaburutwa na mbwa, kunguru na huyo huyo mwewe kutoka uwanja huu mpaka ule, na ugonjwa unatembea nao. Kwa hiyo mkisema mwewe analeta hasara, kwa njia hiyo naweza kukubali, ila mzigo wa kusafirisha tunampa sisi.

Yule mama amekubali kusubiri. Hakukubali kwamba mwewe ni rafiki, alicheka nilipojaribu kusema hivyo. Kasema atatafuta tenga na ataulizia bei ya chanjo, na kwamba kiangazi kikipita kuku wake wakiwa hai nitakula mayai bure, na wakifa nitamlipa. Nimekubali masharti. Nyie wengine mnaofuga, fanyeni hesabu zenu kwa mwaka mmoja: andikeni kila kuku anayepotea, tarehe, na kapotea vipi. Ukishaona kwa maandishi nani anakumalizia kuku, ndipo uamue pesa yako inunue sumu au inunue chanjo.

Kazi kwenu.